Mistari Miwili Chini ya Maganda ya Viazi

Naandika bila jina kwa sababu nina aibu, na wala msinihurumie. Nilichofanya kinanitia kichefuchefu mimi mwenyewe niliyekifanya.

Mimi ni Mtanzania, naishi ughaibuni, mtaa wa St Marys, nafanya kazi ghalani. Miaka ile ya Covid nilikuwa kwenye okestra ya aina yake: hakuna fidla wala kinanda, ni vyombo vya asili vya milima ya Andes tu. Mwalimu alikuwa mama mmoja wa Bolivia. Waafrika tulikuwa wawili, mimi na Mzee Bahati, Mkongo wa Uvira ambaye kazi yake ni kuhudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee.

Sisi tulipewa filimbi za matete, zile zinazofungwa pamoja kama uzio mdogo. Hizo mtu hazipigi peke yake. Mimi nilikuwa na matete sita, mzee saba, na noti zimegawanywa: nikipuliza moja, inayofuata iko kwake. Asipokuja mmoja, mwenzake hana wimbo.

Lockdown ilipoisha, mwalimu akapanga Jumamosi moja turekodi video. Nilikuwa nimeshawatangazia ndugu zangu wote Mwanza. Asubuhi ile nikaamka koo linawasha. Nikajipima Covid. Mistari miwili, haina ubishi.

Nikakitupa kipimo kwenye pipa, nikakifunika kwa maganda ya viazi ili mke wangu asikione. Njiani nikajiambia kwamba nisipokwenda, mzee wa watu atakaa bure. Uongo mtupu. Nilitaka kuonekana kwenye video, basi.

Tulikaa bega kwa bega, maana kwenye filimbi hizi lazima usikie mwenzako anavyovuta pumzi. Nikakohoa.

"Uko malade, mwana yangu?"

"Hapana mzee, siumwi, ni hay fever tu, mafua ya maua."

Akanimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake. Nikanywa, nikafuta mdomo kwa mkono, nikamrudishia. Akamimina nyingine, akanywa yeye. Nilimwangalia akimeza. Mpaka leo chai ya tangawizi siinywi.

Siku ya nne akalazwa. Wenzetu watatu nao waliugua, wakapona nyumbani. Mzee alikaa hospitali wiki tatu, akatoka na mapafu yaliyochoka. Akipanda ngazi tano anakaa chini. Kupuliza filimbi ndiyo basi tena.

Subirini, sijafika kwenye uchafu wenyewe.

Nilikwenda kumwona kwake, mtaa wa Toongabbie. Nikamwamkia shikamoo, akanishika mkono, akaanza kulia.

"Mwana yangu, unisamehe. Ni miye nilileta ile ugonjwa kwenye groupe. Niliitosha kule aged care, kwa bale wazee ba kazi yangu. Nimepigia bote simu, nimeomba bote pardon. Ulibakia weye tu."

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamlengalenga. Maneno nilikuwa nayo mdomoni kabisa.

Nikasema, "Nimekusamehe, mzee."

Jamani! Na akanishukuru. Akanipa matete yake saba, akasema nitafute mtu mwingine wa kupuliza naye. Sasa wimbo mzima uko kabatini kwangu na siwezi kuugusa. Video ndugu zangu waliitazama, wakasifu sana. Mimi sijaifungua hata mara moja.

Wewe unayesoma, ukificha ugonjwa umeshakosa, lakini siku ile ile bado una nafasi ya kujirudi. Sema, hata kama kikombe kimeshafika mdomoni kwa mwenzako. Usisubiri kama mimi mpaka uliyemuumiza aje kukuomba radhi, ukaipokea.

Tunasali kanisa moja. Kila Jumapili Mzee Bahati anasimama kwa shida, anamwomba Mungu amsamehe kwa wale aliowaambukiza. Mimi nakaa benchi la nyuma yake, naitikia amina.