Sauti ya Rispa

Kazi ya Rispa ni kutazama macho ya watu, na ikifika alasiri, macho yake mwenyewe huwa yamechoka kama miguu ya mchukuzi. Anaendesha mtambo katika hospitali moja upande wa Port Reitz. Mtambo huo huzikimbiza protoni, chembe ndogo zisizoonekana, mpaka zishike kasi ya ajabu, kisha huzitoa kwa mwale mwembamba unaouua uvimbe ndani ya jicho bila kudhuru sehemu za kando. Watu huusifu mtambo. Rispa, aliyeuzoea, anajua kwamba mzigo wote humwangukia mgonjwa. Amefungwa barakoa ngumu usoni, ameuma kipande cha plastiki ili kichwa kisicheze, na anatakiwa aitazame taa moja ndogo nyekundu asilisogeze jicho hata kidogo. Likisogea, Rispa, anayelitazama kwenye skrini akiwa chumba cha pili, huukata mwale.

Na kwa kuwa chumba kile kina kimya cha kutisha, na hakuna anayeruhusiwa kubaki na mgonjwa, Rispa alijizoesha kuwasemesha kwa kipaza sauti. Huwaita kwa majina, huwabembeleza. Sauti yenyewe imeshamkauka. Akirudi Mtopanga jioni hana neno la kumpa mtu, na bintiye Janice humtania kwamba wagonjwa wana mama, yeye ana mpangaji. Rispa huguna tu, maana ni kweli na inamuuma.

Juma moja alikuwa na mgonjwa aitwaye Mwanasaumu, msichana wa Likoni anayewapamba maharusi kwa hina. Kila alipoingia alimwamkia Rispa kwa upole, akajilaza bila kumsumbua mtu. Lakini jicho lake halikutulia. Mwale ukiwashwa tu, Rispa alimwita ili kumpa moyo, tulia Mwanasaumu, tulia mwanangu, na papo hapo jicho kwenye skrini liliruka juu pembeni. Akaukata. Wakaanza upya, likaruka tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu daktari hakuficha: Mwanasaumu akiweza kutulia leo, ataendelea na matibabu, wakishindwa na leo, hakuna njia ila kuling'oa jicho kabla uvimbe haujatambaa.

Rispa alichoka mpaka akakasirika. Alimwona binti huyu mwoga, au mkaidi, na yeye ndiye anayemaliza pumzi zake bure. Jaribio la kwanza siku hiyo lilipoharibika aliingia chumbani, akamfungua barakoa, akamtoa plastiki mdomoni, akamuuliza kwa ukali kama alitaka kupona au la.

Mwanasaumu alifuta mate kwa ncha ya leso.

"Nataka, mama. Lakini waniita," alisema. "Nyanya yangu alinilea kwamba nikiitwa niitike abee, na nimwangalie aliyeniita. Sasa mdomo umezibwa, siwezi kuitika. Jicho laenda lenyewe, wallahi. Usiniite, mama. Niache na taa yangu."

Rispa akatazama juu. Spika inayoitoa sauti yake ilikuwa pale pale pembeni, kule jicho lilikokuwa likikimbilia. Aliona aibu. Siku zote hizo alidhani anambembeleza, kumbe ndiye aliyekuwa akimharibia. Akamwomba radhi, akamfunga uso tena kwa mikono ya taratibu.

Alirudi kwenye kiti chake, akawasha mwale, akajiziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kwamba kunyamaza kungekuwa kazi ngumu hivyo. Jicho lilikuwa limelowa, peke yake mle ndani, na yeye alitamani kuliita kuliko alivyotamani kwenda nyumbani kulala. Likatetemeka. Akajiuma kidole, asiseme. Jicho likatulia kwenye taa, likakaa hapo hapo, mpaka dozi yote ya siku hiyo ikaingia na mtambo ukajizima wenyewe.

Hapo ndipo aliposogea kwenye kipaza sauti. Sauti ilimtoka imekwaruza.

"Mwanasaumu."

Kwenye skrini jicho liliiacha taa, likapanda taratibu mpaka pembeni, likaitika.