Wigi la Kiti cha Mbele

Wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni mtu wa miwani. Daktari wa macho akishamaliza kupima, yeye ndiye anayekaa na mteja kwenye kiti cha mbele dukani, akamvalisha fremu na kuipinda mikono ya fremu hiyo taratibu mpaka ikae sawa nyuma ya masikio. Kazi hiyo hufanywa uso kwa uso, kwa ukaribu ambao hata mke na mume hawatazamani kila siku. Hakuolewa, na si kwa kukosa wachumba, waliokuja tuliwaona. Wanangu walifundishwa kusoma saa na shangazi yao huyo, na mpaka leo wakikosana wao kwa wao, kesi inapelekwa kwake, haiji kwangu.

Nywele zake zilipoanza kunyonyoka, zilinyonyoka kwa mabaka, moja kisogoni, jingine kwenye panja. Daktari akasema ni mwili wenyewe unaozikataa. Si ugonjwa wa kuambukiza. Pengine zitarudi, pengine hazitarudi. Nilimwomba arudie ile sentensi ya katikati, maana nawajua watu. Mwanamke akikonda, ana siri. Akinenepa, ana siri. Sembuse akinyonyoka nywele! Nikasema jambo hili halitavuka kizingiti cha nyumba yetu. Wifi akajifunga kitambaa, akahamia chumba cha nyuma cha duka kusafisha vioo na kukaza skrubu.

Mwenye duka alivumilia kwa muda, kisha akamwambia kwa upole, "Wateja wanakuulizia. Jumatatu urudi mbele. Ukishindwa, nitamkalisha mwingine, nawe ubaki huku moja kwa moja."

Alikuja kwangu na maneno hayo, akakaa hata bila kuvua viatu.

"Nisiporudi Jumatatu, ndiyo basi. Kule nyuma naongea na skrubu, wifi. Skrubu hazina habari."

Jumamosi tukaenda kwa fundi wa mawigi. Nilimchagua mimi, aliye mbali na mtaa wetu. Chumba chake kilikuwa chembamba, kimejaa vichwa vya plastiki visivyo na macho, na kilinuka nywele zilizopigwa pasi.

"Karibuni. Wigi ni la nani, la mama au la dada?"

"Ni la sherehe," nikajibu.

"Sijauliza linakwenda wapi, mama. Nimeuliza linakaa kichwa gani."

Wifi akacheka, akavua kitambaa. Fundi alimzunguka kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. "Kichwa kizuri hiki. Nywele zilikuwa zinakionea wivu."

Akatuwekea matatu mezani. La kwanza lilikuwa na kipande kidogo tu cha lesi, ule wavu mwembamba unaofungiwa nywele, utosini. Imara, lakini njia ya nywele haihamishiki, na kwenye paji lilikuwa kama limechorwa kwa rula. La pili lilikuwa lesi kichwa kizima, kila unywele umefungwa kwa mkono. Unaweza kulifunga nyuma au kulipasua njia popote, ila linataka gundi pande zote. "Na ngozi yako sasa hivi ni ya mtoto mchanga," fundi akasema. "Gundi ya kila siku itakuchubua." La tatu lilikuwa na lesi ya mbele, toka sikio hadi sikio. Hilo nalo lipo la lesi nene, linalodumu lakini linaonekana, na la lesi nyembamba kama ganda la kitunguu, linalopotea kwenye ngozi lakini linachanika ukilishika kwa haraka.

Nilichagua la lesi nene, lililojaa, jeusi tii, nywele zikianzia chini karibu na nyusi. Mwanamke wa nyumba yenye heshima, nilisema, hatembei na nywele za kuhesabika. Wifi akalivaa. Kwenye kioo akatokea mwanamke mzuri sana.

"Umependeza," nikasema.

"Nani?"

Kisha akavaa miwani yake. Mikono ya miwani ikapenya chini ya lesi kwenye panja, na wigi likainuka pande zote mbili kama mfuniko wa sufuria inayochemka.

"Hilo limekasirika," fundi akasema.

"Mimi nainama na kuinuka kutwa nzima. Litaniaga kabla ya mchana." Akalivua, akayatazama mabaka ya kichwa chake bila haraka. "Halafu wifi, paji langu umelipeleka wapi?"

Ukoo wa mume wangu wote wana paji pana. Watu husema kwetu kipaji hufika kabla ya mwenyewe, na kila mtu huchagua maana anayoitaka. Picha za sebuleni kwangu, kuanzia ya mama mkwe, zote ni paji lile lile. Nilikuwa nalinda jina la nyumba kwa kuifunika nembo yake.

Wifi na fundi wakaelewana wao wawili. Lesi nyembamba ya mbele. Mstari wa nywele ukapandishwa mpaka pale mama yake alipompa. Fundi akazing'oa za mbele kwa kibano, mojamoja, ili zianze kidogokidogo, akakata lesi juu ya masikio kuacha njia ya miwani, akashona mpira kisogoni badala ya gundi. "Nywele za kweli zina makosa," akasema. "Zikikosa kosa, wameshakujua."

Njiani nilimwambia, "Wakikuuliza, sema umesuka."

"Mtu akiwa hapa," akaweka kiganja mbele ya pua yake, "humdanganyi, wifi. Macho yake nimeyashika mimi."

Jumatatu nilikwenda dukani na miwani yangu isiyo na kasoro yoyote, nikakaa kwenye foleni. Mbele yangu alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mwenye ulimi. Zamu yake ilipofika, akakaa mbele ya wifi.

"Umerudi! Nilidhani umeolewa."

"Namtafuta mwenye macho mazima. Hapa hawafiki."

Mwalimu akacheka, akasogea, akakodoa. "Na nywele hizi? Zako?"

Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Jibu nilikuwa nalo tayari, la kumwokoa. Wifi hakuondoa vidole kwenye fremu.

"Zangu kabisa. Nimenunua, sikuazima."

Mwalimu akafunua meno yake yote, meupe, yamepangika mno.

"Basi hata mimi haya sikuazima."

"Usicheke, mwalimu, fremu inapanda. Tazama mbele."

Zamu yangu ilipofika nilikaa nikampa miwani yangu. Akaigeuza kwenye mwanga, akaukagua mkono mmoja, kisha wa pili, akaniuliza kwa sauti yake ya kazini, "Inakusumbua wapi, mama?"

Nikamwambia inabana kidogo.