Mkutano Uliofanyika Kwenye Karatasi

Siku yangu ya kwanza kazini, Bunda, nilipewa nyundo kabla ya kalamu. Katibu wa Vikao alinieleza kuwa kazi ya karani huanzia mlangoni: tangazo la mkutano ligongwe siku saba kabla, kila mtu alione, na siku yenyewe mlango ubaki wazi. Mkutano wa siri, alisema, si mkutano, ni maongezi. Nilimwamini. Nanyi vijana mnaonicheka leo mngemwamini.

Miaka ya sukari ya mgawo ikapita, wakaja wawekezaji. Nilishahamishiwa Butiama, kisha Musoma, chini ya Afisa Tawala asiyependa matangazo. Mwekezaji mmoja alitaka ufukwe wa kijiji cha ziwani, pale akina mama walipoanika dagaa. Sheria ilidai mkutano mkuu wa kijiji. Haukuitishwa. Wakubwa watano walijifungia ofisini wakakubaliana, nami nikaagizwa niandike muhtasari wa mkutano wa kijiji kizima.

“Na mahudhurio, mzee?” niliuliza.

“Ile orodha ya zamani ya mgawo wa sukari si ina majina na sahihi? Ambatanisha.”

Nikaambatanisha. Nilikuwa na watoto sita na woga wa kuwatosha watu kumi. Kwa haraka zangu sikuikata safu ya kilo.

Mama Nyangeta, mjane aliyeishi kwa kuanika dagaa pale ufukweni, alifungua kesi. Wakili wa upande wetu akamwonyesha jina lake kwenye mahudhurio. Alilitazama taratibu.

“Hapa tulikuwaga tunasaini sukari, mheshimiwa. Hata kilo zangu mbili hizi hapa pembeni.”

Nikaitwa kizimbani. Hakimu aliniuliza kama mkutano ulifanyika, nikajibu haukufanyika. Niliona aibu. Uamuzi ule ukafutwa.

Haukupita muda, mkutano ukaitishwa kihalali, tangazo siku saba, watu wakafurika. Mwekezaji alishawaahidi vijana ajira. Mikono ikanyooshwa, ya wanawe Mama Nyangeta ikiwemo. Aliyekataa ni yeye peke yake. Sheria ilifuatwa yote, na ufukwe ukaenda.

Alikuja mezani kwangu. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

“Andika kwamba nimekataa, mwanangu. Leo nilikuwepo.”

Nikaandika. Afisa Tawala aliniamuru nifute, nikagoma, na cheo sikukiona tena hadi kustaafu.

Sasa nipo nyumbani Kamunyonge, hapa hapa Musoma, nimechoka. Mkiniuliza faida ya mlango wazi, sina jibu la kuwafurahisha. Dagaa wanaanikwa kwingine. Ila katika jalada la ufukwe ule upo mstari mmoja wa kweli, na una jina lake.