Ng'ombe Aliyesubiri Kiingereza

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnaosema bibi yenu hakusoma: ni kweli, niliachia darasa la pili. Lakini nimeishi na msomi, najua kusoma kunamfanyanga mtu nini.

Bendera ilipobadilishwa, babu yenu alikuwa karani hapa Kakamega. Wazungu walikuwa wanaondoka, naye alikitaka kiti cha mmoja wao. Akaanza kunoa Kiingereza, sisi tukawa jiwe la kunolea. Alileta nyumbani ile desturi ya shule: kibao chenye uzi, anayeteleza akasema Kiluhya anavishwa shingoni mpaka mwingine ateleze. Kiswahili alikivumilia. Mimi nilikivaa kibao hicho mpaka nikakizoea kama shanga.

Jioni aliwafundisha watoto jinsi ya kumtaja mtu pamoja na anachofanya. Kumbe Waingereza wana njia mbili: ndefu, yenye kineno cha kuunganisha katikati, na fupi, ambapo kineno kinatupwa na kitendo kinavishwa mkia. Fupi, alisema, ndiyo ya watu wa ofisini.

Jumamosi moja nilikuwa jikoni nasonga obusuma, ugali wetu. Nilikuwa na mtoto mchanga na maziwa yangu yamekauka. Ng'ombe wetu wa pekee alikaribia kuzaa, na hawa wa kienyeji, ndama akifa, hawakubali kukamuliwa. Nikamtuma binti yangu mkubwa akamtazame.

Alirudi mbio, akasimama mbele ya baba yake, akasema kitu kwa Kiingereza.

"Hiyo ni ndefu," babu yenu akasema, macho gazetini. "Fupisha."

Mtoto akafikiri, akasema tena.

"Umesahau mkia. Rudia."

Mara ya tatu babu yenu akatabasamu. "Hapo sawa, binti yangu. Sentensi safi kabisa."

"Inasema nini?" nikauliza.

"Inasema ng'ombe aliyelala kule nyuma amekwama kuzaa..." Ndipo akainua macho kutoka gazetini.

Nilikimbia. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umechungulia, wa pili umekunjika ndani. Niliingiza mkono, nikaunyoosha, nikavuta. Ndama alitoka kama gunia lililolowa, nikamsugua kwa majani mpaka akakohoa. Babu yenu alisimama pale, gazeti mkononi.

"Ungeniita mapema," akasema, kwa Kiluhya.

Nikavua kibao, nikamvisha yeye. Kisha nikawaambia wote, "Katika boma hili, anayeona ng'ombe amekwama apige kelele kwa lugha itakayomtoka kwanza. Na wewe, baba watoto, weka gazeti chini ulete maji."