Siku Nilipogawa Maji ya Zimamoto Mwanjelwa

Nijicheke mwenyewe kwanza kabla nyie hamjanicheka, maana mpaka leo Mwanjelwa napita nimevuta kofia hadi puani.

Bwana Jitesh, mwenye ghala la magodoro, alitaka vinyunyizio vya kuzimia moto darini, akaniahidi nikimridhisha hapa Mbeya ananipa na kazi ya ghala lake la Iringa. Sasa kabla ya kuchora mfumo lazima upime nguvu ya maji: unafungulia bomba la zimamoto la barabarani mpaka mwisho, uchafu unatoka kwanza, ndipo unasoma geji, na maji yote yanaishia mtaroni. Mtaa ulikuwa kwenye mgao wa maji, na akina mama wa kwaya walikuwa pale na sare zao nyeupe wakisubiri gari la kwenda kuimba harusini, nami (mtaalamu mzima, helmeti kichwani!) nikaona nijitie huruma.

"Leteni ndoo, mama zangu, leo halimwagiki hata tone!"

Zikaja ndoo, madumu, mabeseni, hata sufuria la ubwabwa. Nikazipanga mbele ya bomba, nikatoa na hotuba, eti kusafisha bomba kwanza ni ufujaji wa watu wasiofikiri (anayefikiri ndiyo mimi, mnaniona?), nikashika spana nikafungua mpaka mwisho, kwa sababu kipimo kinataka mpaka mwisho, na ndoo inataka nini sikujiuliza.

Weee! Yalitoka maji mekundu ya kutu, yakasomba ndoo zote, beseni moja likavuka barabara peke yake, na kwaya nzima ikaloa kuanzia kilemba hadi kiatu. Nilihangaika na spana kama mwendawazimu, na nilipofanikiwa kufunga, geji ilikuwa sifuri na sikuwa nimeitazama hata mara moja.

"Ndaga fijo, fundi, asante sana," akasema kiongozi wa kwaya akikamua kitenge. "Tukaimbe na matope haya?"

Bwana Jitesh aliuliza kwa upole, "Sasa nguvu ya maji kiasi gani?"

"Sijajua, bosi. Itabidi tufungulie tena."

"TENA?" kwaya ikaitikia, sauti zote nne.

Ghala la Iringa alipewa mwingine. Siku hizi naacha uchafu utoke, kisha nayapeleka maji kwa mpira hadi kwenye tenki la lori, kimya kimya. Ningeyamwaga mtaroni siku ile, mjinga mimi, yangemwagika mara moja tu.