Mama Aliponiambia Nijiandae

Wapendwa, kabla ya kuumwa nilikuwa naanika dagaa Igogo. Nilibeba magunia kichwani na kuwacheka wenzangu waliolalamika mgongo. Wangu ulipoanza kuuma, nikajichua mafuta na kuendelea na kazi. Baada ya miezi michache miguu ikafa ganzi, nikawa najikojolea. Hospitali wakasema ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

"Utatembea," daktari aliniambia, "lakini dawa usiache hata siku moja."

Dada yangu Rebeka akanichukua kwake Igoma, akanilaza chumba kimoja na mama yetu. Mama alikuwa na saratani ya kizazi, na hospitali walikuwa wameshamrudisha nyumbani. Vitanda viwili, dirisha moja. Nilikuwa na kidonda makalioni na sikuweza kujigeuza.

Kila asubuhi mama alizungumzia kufa. Alishachagua nyimbo za mazishi. Alishamwita jirani waliyekuwa wamenuniana naye, wakasameheana mbele yangu. Kisha ananigeukia: "Mwanangu, na wewe jiandae. Tengeneza na Mungu, tengeneza na watu." Nilitamani kutoka nje, miguu haikutaka. Nakiri, nilimchukia.

Kwetu daktari humwambia ndugu, mgonjwa hufichwa. Nikaamini mama anajua kitu nilichofichwa. Nikaanza kuficha vidonge chini ya godoro. Vilikuwa vinanitapisha, na mtu wa kufa atapike ya nini?

Wiki haikuisha. Mama alimwona Rebeka akitoa ndoo ulimoingia mkojo wangu kwa mpira. "Mbona mkojo umekuwa mweupe?" Dawa zile huufanya mwekundu, naye alilijua hilo.

Nikalia. "Mama, si mmeambiwa sitapona?"

"Nani kasema? Anayekufa ni mimi. Nimekwambia ujiandae kwa sababu kila mtu anatakiwa kujiandaa, hata Rebeka anayetupikia. Mungu hajakuita, unajipeleka mwenyewe? Huko si kujiandaa. Meza, nikuone."

Nikameza. Alinisimamia hivyo siku kumi na moja, kisha akafariki. Walipompeleka Kisesa kumzika, nilibaki kitandani nikisikia kwaya ikififia barabarani. Sijawahi kuumia vile.

Nilimeza dawa mwaka mzima. Ninyi mnaoumwa, muulizeni daktari wenyewe, msibuni. Dozi mzimalize. Na mliogombana nao waiteni leo, hata kama mko wazima.

Mwezi uliopita nilifika kaburini kwa mama, natembelea fimbo. Mgongo wangu hauinami tena, kwa hiyo nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama.