Macho ya Dada Vero

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokula yanga, unga wa mahindi ya njano wa msaada, ugali wake ukinuka gunia hata ukiula kwa maziwa. Huku Guangzhou, ninakoishi ghorofa ya tisa na binti yangu anayesafirisha nguo, mahindi ya njano huuzwa yamechemshwa karibu na mlango wa stesheni ya metro. Nikipita hapo huziba pua. Harufu ile inamleta dada yangu Veronika.

Kijijini kwetu Dodoma alikuwapo mwalimu wa kizungu wa misheni, mwanamke mrefu kama nguzo, mwenye kamera ya sanduku aliyorithi kwa bibi yake, ya miguu mitatu na kitambaa cheusi. Huyo hakupiga picha za harusi. Alipiga mashairi. Alisema kwao, zama za bibi yake, watu walivikwa mashuka na maua wakawa malkia na malaika wa vitabuni. Siku moja alimtaka binti wa shairi, aliyekufa maji kwa ajili ya mapenzi. Alinichagua mimi kwanza, kwa shingo yangu ndefu. Nilikuwa mrembo, sifichi. Lakini kulala bila kutikisika mpaka ahesabu ishirini? Nilicheka hadi maua yakamwagika. Vero akanisukuma: "Ondoka, kima wewe, nikuonyeshe watu wanavyokufa." Akalala, akafumba macho.

Wiki ya pili surua ikamchukua. Picha ililetwa tumeshamzika, na ndiyo pekee aliyopigwa maishani. Mama akaitundika ukutani, na kila mgeni aliuliza, "Poleni, mlimpiga akiwa kwenye jeneza?" Mama akafoka: "Hapo alikuwa mzima! Tazama mdomo, anazuia kicheko!" Hawakukiona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alikufa akibishana na wageni. Mimi nakumbuka kovu la goti la Vero, nakumbuka sauti yake akiniita kima. Macho yake siyakumbuki. Nimeyatafuta miaka yote hii, sijayapata.

Majuto ni mjukuu, na yangu yamekuja na kamera. Mjukuu wangu Neema anasomea picha chuo kikuu hapa hapa, ana akili kuliko ukoo mzima, na mtaa wetu wa Sanyuanli mzima unajua kwa sababu nimewaambia. Jumamosi alikuja na mapazia meupe na maua ya plastiki. Kazi yake ya mtihani ni picha za mashairi, za mtindo ule wa kale. Akataka nilale, niwe malkia aliyekata roho.

"Sifumbi macho. Nipige nikikutazama."

"Bibi jamani, malkia amekufa! Ni picha moja tu, zako si ninazo tele kwenye simu?"

Kweli anazo, nikila, nikipiga miayo. Watoto wa siku hizi hawajui picha moja inavyoweza kubaki peke yake. Vero naye alidhani atapigwa nyingine. Nikaketi juu ya mapazia yake, maua mapajani, nikainua shingo.

"Sifumbi macho. Nipige nikikutazama."